Jezi ya Rehani

Korogwe,
14 Aprili 1975

Kwa Mzee Mhina Sadala,
Mwenyekiti wa Kijiji cha Ujamaa Kwedimkole,
Mazingara, Handeni.

“Mke akipigwa na mumewe, hilo ni la chumbani. Mpira ni wa uwanjani. Ndugu Agripina asituchanganyie chumba na kiwanja.”

Mzee Mhina, shikamoo. Hayo ni maneno yako, uliyasema Kabuku mbele ya wenyeviti wenzako, wakakupigia makofi. Shikamoo nimekwisha kuitoa, sasa tugombane.

Chumba gani hicho unachokisema? Nyumba zenu za udongo hazina dari. Mwanamke akilia kwenye nyumba ya mwisho, anayechota maji kisimani anasikia. Asubuhi wenzake wanamwona kwenye shamba la kijiji amefunga kitambaa usoni, wote wanajua, na wote wanamuuliza kama jino linamsumbua. Hiyo ni siri ya chumbani? Hiyo ni habari ya kijiji kizima ambayo kijiji kizima kimekubali kuisemea uongo.

Mbuzi akiingia kwenye mahindi ya ushirika, unagonga ile rimu ya gari iliyoning'inia mlangoni pa ofisi na watu wanakutanika. Mtu akivunja hindi moja la shamba la pamoja, unagonga rimu. Mtu akivunja taya la mwanachama wa kijiji, rimu inanyamaza. Tumeapa kwamba hakuna binadamu wa kumnyonya binadamu mwenzake. Niambie basi, yule anayelima tangu alfajiri, akapika, akateka maji, kisha akapigwa kwa sababu mboga imepoa, huyo tumwiteje? Mwenye hisa?

Unauliza mpira unaingiaje. Unaingia kwa sababu nawajua wanaume wa Handeni na wa Korogwe, maana ndugu zangu wamo. Balozi wa nyumba kumi hawamwogopi. Mahakama iko mbali na nauli ni shida. Lakini mwambie kijana kwamba Jumapili hatavaa jezi, uone uso wake. Hilo ndilo linalomuuma, na mimi nataka kugusa pale panapouma.

Narudia nilichopendekeza. Ligi ya vijiji ichezwe, na kila Jumapili ianze na netiboli ya wanawake, kisha wanaume. Mwanamume aliyempiga mkewe hachezi. Kijiji kitakachomchezesha kinanyang'anywa mechi. Bungu wamekubali. Kabuku wamekubali baada ya kelele. Umebaki wewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Agripina Semboja,
Elimu ya Watu Wazima


Kwedimkole,
29 Aprili 1975

Ndugu Agripina,

Marahaba. Barua yako nimesomewa mbele ya kamati, na wazee wamecheka mpaka mmoja akapaliwa na tumbaku. Nyie Washambaa mmeteremka mlimani na mablanketi yenu kuja kutufundisha kuoa! Kama usingekuwa mtani wangu ningekushtaki.

Lile la mbuzi na taya limenikaa kooni, sikufichi. Nimegonga rimu. Tumekutana. Vijana wamepinga sana, wakasema mama huyu anataka kututawala kwa mpira. Nikawauliza, nani kati yenu ananiomba ruhusa ya kupiga mke, asimame nimwone. Hakusimama mtu. Basi tumekubali, kwa sharti kwamba wanawake wetu watavaa suruali ndani ya magauni yao, na mechi zisiingilie sala.

Jambo moja nikuambie mapema. Mshambuliaji wetu ni Rehani, mtoto wa dada yangu. Wewe unajua kwetu mpwa ni nani. Mwanangu anaweza kuwa wa mama yake na wajomba zake. Mpwa ni damu ya ukoo wangu. Mguu wake wa kushoto haujapata kipa katika tarafa hii, na hasira zake pia hazijapata kipa. Kaoa mwaka jana, binti anaitwa Mwanaidi, mpole, anasoma kisomo kwa mwalimu Hajira. Mpaka sasa sijasikia neno.

Sahihi yangu umeipata. Mzigua akitia sahihi harudi nyuma.

Mhina Sadala


Kwedimkole,
10 Juni 1975

Dada Agripina,

Shikamoo. Ni mimi Hajira, mwalimu wa kisomo hapa Kwedimkole, na sasa, usicheke, nahodha wa netiboli.

Dada, ungetuona! Goli tumelitengeneza kwa rimu ya baiskeli, tumelifunga juu ya mti wa mkole. Siku ya kwanza wanaume walikuja kwa wingi kutucheka. Mzee mmoja akapaza sauti, “Mwanamke mwenye watoto sita anarukaje?” Bi Hamisa akamjibu akiwa hewani, “Ndivyo hivi, baba, na nyumbani umeacha sufuria haijaoshwa!” Tangu siku hiyo wanakuja kushangilia.

Mwanaidi, mke wa Rehani, ndiye mfungaji wetu. Yule mpole unayemsikia akijibu darasani kwa sauti ya kunong'ona, uwanjani anaita mpira kama anaita ng'ombe. Tumewafunga Kabuku. Mumewe alikuja akasimama pembeni, mikono kifuani. Baada ya mchezo nilimsikia akimwambia, “Na wewe unapigiwa makofi siku hizi.” Akacheka, lakini kicheko hicho hakikunipendeza.

Sheria yako imeuma mara moja. Salimu, beki, alimsukuma mkewe akaangukia jiwe. Wenzake hawakungoja kamati. Walikwenda kwake jioni ile ile, timu nzima, wakakaa kitako uani. Wakamwambia, “Sisi hatuondoki mpaka utuambie Jumapili tucheze na nani pale nyuma.” Salimu alikosa mechi ya watu wa Mazingara wenzetu na tukapata sare. Amemwomba mkewe radhi mbele ya mama yake mzazi. Mambo kama haya sijayaona tangu nizaliwe.

Mdogo wako,
Hajira


Kwedimkole,
21 Julai 1975

Ndugu Agripina,

Furahi pamoja nasi. Tumeingia fainali! Tutacheza na Bungu, ndugu zako, hapa hapa kwetu, Jumapili ya tarehe 10 Agosti. Waambie waje na mablanketi ya kufutia machozi. Rehani yuko katika hali nzuri sana.

Netiboli pia tumo. Ila Mwanaidi hatacheza, amepata homa, tumempeleka kwa shangazi yake Kabuku akapumzike. Si jambo la kukutia wasiwasi. Hajira anakusalimu.

Mhina Sadala


Korogwe,
28 Julai 1975

Hajira mdogo wangu,

Juzi nilikuwa Kabuku kwa kazi ya kisomo. Nikasema nimjulie hali mgonjwa. Nimeuliza dukani, nimeuliza msikitini, nimeuliza kwa mama lishe wote wa barabarani. Kabuku hakuna shangazi wa Mwanaidi. Kabuku hakuna Mwanaidi.

Mwezi wa sita uliniandikia kurasa. Tangu Mzee Mhina aniandikie habari ya homa, wewe hujaandika hata mstari. Siwezi kulala, Hajira. Homa isiyojulikana imelala wapi ni neno ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi, na mara mbili nimekwenda kuzika.

Niambie jambo moja tu. Yu hai?

Agripina


Kwedimkole,
4 Agosti 1975

Dada Agripina,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili ukae chini kwanza.

Baada ya ile mechi ya kuingia fainali watu walimbeba Rehani, na wanawake wakambeba Mwanaidi, maana naye alifunga mengi. Akachelewa kufika nyumbani. Rehani akamwambia, “Nyumba hii haina mabingwa wawili.” Alimpiga kwa mchi. Mkono wa kushoto umevunjika. Fundi wa mifupa ameuunga, na anasema utapona sawasawa.

Kumficha tumemficha wote. Usimlaumu Mzee Mhina peke yake. Ulisema kijiji kitakachomchezesha mpigaji kinanyang'anywa mechi. Na bila Rehani tutafungwa, kila mtu anajua. Sasa fikiria, dada. Mwanaidi akisema, kijiji kizima kimekosa kombe kwa mdomo wake. Watamwimbia mpaka azeeke. Yeye mwenyewe alinishika mkono ule mzima akaniambia, “Nyamaza, Hajira, nisije nikawa mimi niliyetufungisha.” Na mimi nahodha niliogopa kwamba wanaume watasema, tuliwaambia, netiboli imeleta balaa, waache. Nikanyamaza. Ulipika dawa, dada, lakini uliyempa kuinywa si yule mwenye ugonjwa.

Yuko nyumbani kwa Mzee Mhina, chumba cha ghala, nyuma. Mke wa mzee anamlisha vizuri. Haruhusiwi kutoka mpaka fainali ipite. Mzee hasemi na mtu. Nilipomkabili alisema tu, “Ni damu yangu, Hajira. Baada ya fainali nitamshughulikia.” Hatukuwahi kumwona amejiinamia hivyo.

Mimi siwezi kuingia kumtoa. Nikivuka kizingiti cha mwenyekiti kwa nguvu nitafukuzwa kijijini.

Hajira


Korogwe,
7 Agosti 1975

Lea mdogo wangu,

Barua hii nampa dereva wa lori la chai, ikufikie Bungu kabla hamjateremka. Mimi siwezi kuja; maandalizi ya mitihani ya kisomo yamenifunga miguu hapa. Nimeambatanisha barua ya Hajira, isome yote, usiruke pale anaponisema mimi. Ana haki. Nilipanga adhabu kwa kijiji, na kijiji kikaiweka kichwani mwa yule aliyevunjwa mkono.

Wewe ni nahodha wa netiboli ya Bungu na mtacheza huko Jumapili. Hajira hawezi kuvuka kizingiti cha Mhina. Polisi wakienda watu watakana. Lakini wewe ni Mshambaa na Mhina ni Mzigua. Bibi yetu aliingia katika nyumba za Wazigua wakati wa msiba, akabeba chungu, akabeba mkeka, na hakuna aliyethubutu kununa, kwa sababu mtani hapigi hodi na kilichobebwa na mtani hakirudi mpaka kikombolewe.

Unajua la kufanya. Hakikisha uwanja umejaa.

Agripina


Bungu,
12 Agosti 1975

Dada Agripina,

Shikamoo. Sauti imenikauka, kwa hiyo ni vizuri tunaongea kwa kalamu.

Tulipofika Kwedimkole uwanja ulikuwa umejaa. Sikwenda uwanjani. Niliwachukua timu nzima ya netiboli, tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Mhina tukiimba. Hodi hatukupiga. Mzee akatoka na msuli, ndevu zimesimama.

“Nyie wala viazi, mnatafuta nini kwangu?”

“Jogoo!” nikamwambia.

“Majogoo wako uani, shika uende.”

“Hao ni wembamba kama mwenye nyumba. Tunamtaka yule anayefugwa ndani.”

Akasimama mlangoni. Dada, sikuwahi kuona mtu akibadilika rangi hivyo. Nilidhani atatufukuza. Ndipo mkewe, yule bibi mfupi, akasema kutoka nyuma yake, kama anayezungumza na chungu chake, “Watani hawazuiwi mlangoni, mume wangu. Utaleta mkosi.” Akampita, akafungua ghala mwenyewe.

Mwanaidi akatoka akipepesa macho kwa jua. Mkono umefungwa kwa vijiti na maganda ya mgomba. Wimbo ulitukatika. Wasichana wangu wawili walianza kulia, nikawakanya, maana mtani akilia utani umekwisha. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, “Tukikubeba utakubali, au tukuache?” Akanitazama sana. Akasema, “Mnanibeba mpaka wapi?” Nikamwambia mpaka katikati ya uwanja. Akasema, “Basi msiushike huu.”

Tukamweka kwenye kiti cha mwenyekiti, tukakiinua mabegani, tukarudi tukiimba. Watu wakaanza kucheka wakidhani tumeiba kiti. Tulipokaribia wakaona mkono. Kicheko kilikufa kama moto uliomwagiwa maji.

Mzee Mhina alitufuata mpaka katikati. Nikamwambia mbele ya watu wote, “Mtani, hiki tumekichukua nyumbani kwako. Ukikitaka, kikomboe.”

“Kwa kitu gani? Mbuzi? Nipeni bei.”

“Hatuli mbuzi leo. Tunataka jezi moja. Namba tisa.”

Mzee alikuwa na njia ya kutoka, dada, na mimi nilijua. Angeweza kucheka, akasema utani una mipaka, na wanaume wake wangemshangilia. Alimtazama Mwanaidi kwa muda. Kisha akageuka.

“Rehani. Vua.”

“Mjomba! Mbele ya watu wote hawa?”

“Ulipoinua mchi ulitazama kama kuna watu? Vua. Mimi ndiye mjomba wako, na mimi ndiye niliyekuficha. Aibu hii tutagawana.”

Rehani hakuvua. Akatazama wenzake. Salimu, yule beki, ndiye aliyemwendea. Sikumsikia alichosema, ila alimshika bega, na Rehani akainua mikono kama mtoto anayevuliwa shati na mama yake. Mzee akaileta jezi, akaniwekea mikononi. Imelowa jasho. Kisha akawageukia watu wake akasema, “Tukifungwa leo, aliyetufungisha ni Rehani, na mimi niliyemficha. Nikisikia mdomo wowote unamtaja Mwanaidi, mdomo huo utakuja kunieleza chini ya rimu.”

Refa akasema kwa sheria mechi ni ya Bungu. Nahodha wetu wa wanaume akakataa. “Sisi hatukuteremka na lori kuja kuokota kombe. Tucheze.” Basi tukacheza. Netiboli walitufunga, mbwa hawa, Bi Hamisa akishika nafasi ya Mwanaidi. Wanaume wetu wakawafunga wao, mawili kwa moja. Bao lao lilifungwa na kijana mmoja tuliyempa ile jezi acheze badala ya Rehani, na nusura uwanja ubomoke.

Mwanaidi alikaa kwenye kile kiti mpaka mwisho, anamenyewa machungwa. Alipoona Bi Hamisa anakosa goli la wazi alipiga kelele, “Kunja magoti, mama!” Nikajua amepona, mkono utafuata.

Mdogo wako,
Lea


Kwedimkole,
2 Septemba 1975

Dada Agripina,

Shikamoo. Mimi ni Mwanaidi. Barua hii naiandika mwenyewe. Mkono uliovunjika ni wa kushoto, na huu ninaoandikia ni wa kulia. Samahani kwa mistari inayopanda mlima kama Washambaa.

Niko kwa mama yangu. Nalala vizuri. Fundi amefungua vijiti, vidole vyote vinakunjika. Siku ya kwanza nilikamata chungwa nikalirusha, mama akanigombeza, tukacheka.

Rehani amekuja na mjomba wake. Alikaa chini. Alisema maneno mazuri, na nadhani siku hiyo aliyaamini. Nilimjibu, “Bado.” Mzee Mhina akasema “bado” ni neno zuri, akanyanyuka, akamnyanyua na yeye. Sijui kama nitarudi. Napenda kwamba sijui na hakuna anayeniharakisha.

Dada, usikasirike. Sheria yenu ilinitaja bila kuniuliza. Mliulizana wenyeviti, manahodha, marefa. Mimi nilipovunjwa mkono nilikuta kila mtu ana la kufanya na jambo langu isipokuwa mimi. Wa kwanza kuniuliza nataka nini alikuwa Lea, pale mlangoni mwa ghala. Kuna wengine kama mimi huko Kabuku na huko mlimani. Waulizwe.

Nacheza tena mwezi wa kumi na moja. Bi Hamisa anasema nafasi hanirudishii. Tutaona.

Mwanaidi


Korogwe,
15 Septemba 1975

Kwa Manahodha wa timu zote za wanaume katika Ligi ya Vijiji, Handeni na Korogwe.

Ndugu zangu,

Sheria imebadilishwa, na aliyeibadilisha ni mfungaji wa Kwedimkole, aliyenionyesha nilipokosea. Sikilizeni.

Mchezaji aliyempiga mkewe anavua jezi kama mwanzo. Lakini timu inayomtoa yenyewe inacheza, na haipotezi kitu. Timu inayomficha ndiyo inayonyang'anywa mechi. Na siku ya yeye kuvaa tena haitapangwa na kamati, wala na mimi. Mkewe ataulizwa, peke yake, na nahodha wa netiboli, na jibu lake ndilo jibu, hata likiwa ni kunyamaza.

Najua mtakavyosema. Mtasema mtakosa wachezaji. Kwedimkole wamefungwa fainali bila mshambuliaji wao, na tangu siku hiyo vijana wanaoomba kujiunga na timu wameongezeka, mama zao wakiwaleta kwa mkono. Mtasema haya ni mambo ya wanawake. Mchi haukujiinua wenyewe. Mtasema hamjui nani anapiga. Mnajua. Mnaoga mto mmoja, mnakunywa kibuyu kimoja, na mpigaji hujisifu kwenu kabla damu haijakauka.

Basi nahodha, nakutaka wewe, wala usimtafute mwenyekiti nyuma yako. Jumapili hii, kabla ya firimbi, wapange wachezaji wako mstari. Mkabili yule unayemjua, hata kama ni ndugu yako, hata kama ndiye anayekufungia mabao. Mwambie avue. Kisha usiniandikie sababu wala maelezo. Niandikie jina la kijana uliyemvisha ile jezi.

Agripina Semboja